Mkwe Wangu Mama Jeki, Lori Lake na Mteremko Wake

Ndugu, majirani na wote mliopanda kilima hiki leo, kaeni. Asiye na kiti akae juu ya ukuta wa mawe. Hauanguki, aliyeujenga ndiye aliyelala mbele yetu.

Mimi ni mama mkwe wa marehemu. Wengi wenu niliwafundisha kusoma darasa la kwanza, kwa hiyo nawaomba mfanye kama mlivyofanya enzi zile: nyamazeni, sikilizeni mpaka mwisho. Kwenye ratiba mliyogawiwa getini mna wasifu mwingine. Uliandikwa na mwanangu kitinda mimba, shemeji wa marehemu, ukachapishwa kabla sijauona. Unasema marehemu alikuwa "mama wa nyumbani, mpole, aliyependa bustani na kuishi kwa amani katika shamba la familia." Jana niliusoma mara mbili nikidhani tatizo ni miwani yangu. Bustani! Basi wasifu wake ni huu ninaousoma sasa, na huu ndio utakaochapishwa na kupelekwa kwa kila aliyefika hapa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1974, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la reli. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watoto wanne wa baba fundi cherehani na mama aliyeuza mkaa. Dada zake wananiambia kwamba akiwa na miaka saba aliifungua cherehani ya baba yake skrubu kwa skrubu, akaitandaza yote juu ya mkeka. Baba aliporudi kutoka kula akakuta mkate wa familia umekuwa lundo la vyuma. Hakumpiga. Alivuta kigoda, akakaa, akasema, "Haya. Sasa irudishe kama ulivyoikuta. Mimi sina haraka." Aliirudisha. Ilibaki skrubu moja ambayo hakuna aliyejua ilikotoka, na cherehani ile ikaendelea kushona bila hiyo skrubu mpaka mzee alipofariki.

Alisoma shule ya msingi ya pale relini kuanzia mwaka 1982 hadi 1988, kisha sekondari ya kutwa, akamaliza kidato cha nne mwaka 1992. Januari iliyofuata alijiunga na chuo cha ufundi. Aliomba darasa la magari. Akapelekwa la ushonaji. Alipouliza kwa nini, aliambiwa kwamba upande wa magari hakuna choo cha wasichana. Naomba mlisikie vizuri jambo hilo, maana watu huwa wanalicheka kana kwamba ni kichekesho. Binti mwenye akili timamu na alama za kutosha alinyimwa ufundi alioutaka kwa sababu hakuna mtu aliyejisumbua kuchimba shimo na kulizungushia tofali. Akashona miaka miwili, akafaulu vizuri, na dirisha la darasa lake likawa linatazama gereji ya chuo. Aliniambia alijifunza kushona kwa mikono na injini kwa macho.

Mwaka 1995 aliajiriwa kwenye karakana ya kushona maturubai ya malori, karibu na soko kuu. Ni kazi ngumu ile. Sindano ni nene kama msumari, na turubai lililolowa ni zito kuliko mtu. Hapo ndipo alipokutana na mwanangu wa kwanza, dereva wa lori, aliyeleta turubai lililochanika. Marehemu aliliangalia, kisha akatoka nje kuliangalia lori lenyewe. Akarudi.

"Kaka, kuna bolti limetokeza kwenye bodi, upande wa kushoto. Ndilo linalokuchania. Nikishona leo, wiki ijayo utarudi."

Mwanangu akamjibu, "Nikirudi kuna ubaya?"

Akarudi. Na bolti hakulikata, makusudi, mara tatu. Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1996, na binti yao wa pekee akazaliwa Julai 1999.

Sasa nije kwenye ardhi hii mnayoikanyaga, kwa sababu ndiyo inayozungumzwa kwa minong'ono tangu Jumanne. Marehemu mume wangu aliligawa shamba letu mwaka 2001. Mwanangu wa pili alipewa bondeni, kwenye udongo mweusi. Kitinda mimba akapewa kipande kilichopakana na barabara. Mkubwa, ambaye siku hiyo alikuwa safarini na mzigo, akapewa mteremko huu. Mnaoukumbuka ulivyokuwa inueni mikono. Naam. Lilikuwa korongo ambalo mbuzi akiingia anapigiwa simu, miamba mitupu, na nyumba ya vyumba viwili ambayo mvua ikinyesha ulikuwa unachagua tu ulowe ukiwa umekaa au umesimama. Wadogo zake walisema wazi, "Mkubwa ana lori, hana haja na shamba." Mwanangu na mkewe hawakubisha. Walihamia na mtoto wa miaka miwili na lile lori la buluu, ambalo mwanangu alikuwa ameliuziwa na tajiri wake likiwa limeshachoka kuliko punda wa chokaa.

Tarehe 22 Mei 2006 mwanangu alifariki kwa homa ya mapafu, akiwa na miaka thelathini na sita. Wiki iliyotangulia alikuwa ameifungua injini ya lori. Kwa hiyo tulipotoka makaburini tulikuta lori limesimama uani juu ya magogo, halina tairi, na injini yake imesambaa kwenye makarai, makopo ya maziwa na sufuria yangu moja nzuri ambayo sikuipata tena.

Haikupita mwezi, mwanangu wa pili akaja na mnunuzi wa vyuma chakavu. Nilikuwepo. Mnunuzi alikuwa ameshaanza kugongagonga mlango wa lori kwa ngumi akisikiliza unene wa bati. Marehemu alitoka jikoni, mikono ina unga.

"Shemeji, huyu ni nani?"

"Tunakupunguzia mzigo. Lori limekufa, shemeji. Mwenyewe hayupo, nani atalishughulikia?"

"Halijafa. Limefunguliwa tu. Kitu kilichofunguliwa kinafungwa."

"Na nani?"

"Na mimi."

Mwanangu akacheka. Akamgeukia mnunuzi akasema, "Huzuni hiyo, ikipita tutarudi." Hakujua kwamba miaka yote ile, kila mumewe alipokuwa chini ya lori, mkewe alikuwa pembeni akimpa spana, na kwamba alikuwa anajua kila kipande kilitoka wapi. Mtu akikupa spana kwa miaka kumi hajafumba macho.

Lakini kujua kipande kinapokaa si sawa na kujua ugonjwa wake. Silinda hedi, kile kifuniko cha chuma cha juu ya injini, ilikuwa imepinda kwa joto, na ilihitaji kusagwa isawazike. Aliipakia kwenye toroli, akaifunika kwa khanga, akaisukuma mpaka gereji ya mjini. Vijana wa gereji walimzunguka. Mmoja akamuuliza, "Mama, mume wako yuko wapi?"

"Amekufa. Silinda hedi hii hapa."

Walicheka, na siku ile ndipo walipompa jina la Mama Jeki. Lilikuwa tusi, ndugu zangu. Leo mnalitamka kama sifa, na mimi mwenyewe nimelizoea, lakini nataka mjue lilianza kama tusi la vijana waliokaa juu ya tairi bila kazi, wakimcheka mjane mwenye toroli. Aliyenyamaza ni mmoja tu, fundi mkongwe wa gereji ile, ambaye wote tunamwita Mzee Grisi. Amekaa pale mbele kwa sababu magoti hayamruhusu kusimama. Aliifunua khanga, akapitisha rula ya chuma juu ya hedi, akasema, "Imepinda kweli. Ulijuaje?" Marehemu akamwambia aliipitishia ubao wa kusukumia chapati akaona mwanga unapita chini yake. Mzee Grisi akawafukuza wale vijana, akaisaga hedi, kisha akamfundisha jinsi ya kuifunga: kwamba nati hazikazwi ovyo, unaanzia katikati ukielekea nje, kidogokidogo, unarudia mzunguko. Tangu siku hiyo walikuwa mwalimu na mwanafunzi, na mwanzoni mwa mwaka huu Mzee Grisi aliniambia hajui tena yupi ni yupi.

Injini ilifungwa mwezi wa tisa. Siku ya kuiwasha alihitaji mtu wa kukaa kwenye kiti cha dereva ageuze ufunguo, wakati yeye mwenyewe anatoa hewa kwenye mipira ya dizeli. Shemeji zake waliitwa, hawakuja. Nikapanda mimi.

"Mama, nikisema washa, geuza ufunguo kulia."

"Mwanangu, nikiwasha halitaondoka na mimi?"

"Haliwezi kuondoka, Mama. Halina magurudumu."

Nikageuza. Likakohoa. Nikageuza tena, likatoa moshi mweusi uliofunika uani kote, kuku wakakimbilia kwa jirani na wengine hawakurudi mpaka kesho yake. Halafu likanguruma. Nilikuwa mwalimu kwa miaka mingi, nimesikia watoto wakisoma neno lao la kwanza, lakini sijasikia kitu kitamu kama mngurumo ule. Marehemu alikuja akapanda, akakaa kando yangu, uso umejaa masizi, akalia kwa mara ya kwanza tangu tumzike mumewe. Tukakaa hivyo, wanawake wawili ndani ya lori lisilo na magurudumu, mpaka dizeli ilipotaka kuisha.

Liliporudishiwa magurudumu, kazi ya kwanza ya lori haikuwa ya kupata chochote. Ilikuwa ni mteremko huu. Alibeba mawe kutoka mtoni, akajenga ukuta kukatisha korongo ili kuzuia udongo usiteremke. Mvua za mwaka uliofuata zikaubeba ukuta wote, mawe yakaishia kwenye shamba la mwanangu wa pili. Alipanda huku juu akifoka.

"Shemeji, ardhi hii imekukataa. Kubali yaishe."

Marehemu akamjibu, "Haijanikataa. Imenionyesha maji yanapita wapi."

Akateremka bondeni, akayaokota mawe yake moja moja, akaanza upya. Safari hii alichimba msingi mpana, akaacha milango ya maji. Ukuta wa pili ukasimama. Akajenga wa tatu, wa nne, akiongeza mmoja kila kiangazi. Udongo uliokuwa unakimbilia mtoni ukaanza kukaa. Pale mnapoona migomba palikuwa na shimo ambalo mtu mzima alizama mpaka kifuani. Aliezeka nyumba upya, akaweka mifereji ya bati pembeni mwa paa, akajenga tangi la maji ya mvua kwa saruji aliyoichanganya mwenyewe. Njia mliyopandia leo aliichonga kwa sururu, yeye na binti yake, na kuishindilia kwa matairi ya lori, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Hakuna ofisi iliyoleta hata ndoo ya kifusi. Lakini nimeshawasikia watu wawili leo asubuhi wakisema, "Barabara hii wametutengenezea vizuri." Wametutengenezea nani? Nani hao?

Lori nalo halikumwacha apumzike. Gari kuukuu ni kama mgonjwa wa kudumu, ukitibu figo linaugua mgongo. Alibadilisha klachi akiwa amelala kwenye gunia. Rejeta ilipotoboka aliiziba kwa risasi ya kuchomelea. Komeo la mlango wa dereva lilipovunjika aliweka mpini wa sufuria, na upo mpaka leo, kauangalieni. Bodi lote la nyuma alilijenga upya kwa mbao ngumu, na turubai alilishona mwenyewe, bila shaka, na bolti zote alizikata kichwa zikalala.

Na lori hilo likawabeba ninyi. Nani hapa hakubebewa mchanga wa nyumba yake, au madawati ya watoto wake, au mama yake mjamzito akiwa anapiga kelele nyuma kwenye godoro? Mwaka 2011, chuo kile cha ufundi kilipoamua hatimaye kujenga choo cha wasichana upande wa magari, mawe na mchanga vilibebwa na marehemu. Alirudi siku hiyo akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka. Binti yake aliingia darasa hilo la magari mwaka 2018, akatoka fundi kamili.

Mwanangu wa pili, wewe umekaa mstari wa pili na kofia umeivua, vizuri. Mwaka 2014 uliazima lori kupeleka mbao zako. Ukalipakia mpaka springi ikakatika, ukalirudisha usiku usio na mwezi, ukaliegesha, ukaondoka kimya. Marehemu aliamka akakuta lori limeinama upande mmoja kama ng'ombe aliyevunjika mguu. Nilimwambia, "Twende kwake sasa hivi." Akasema, "Mama, nikigombana naye springi itapona?" Akalala chini ya lori siku tatu. Wiki mbili baadaye ukaja kuliazima tena, ukasema, "Afadhali limepona." Limepona! Kana kwamba lilikunywa dawa likalala. Leo huna pa kukimbilia, ndiyo maana nalisema leo.

Kuhusu ugonjwa wake, nitajitahidi kusoma bila kusimama. Mwanzoni mwa mwaka 2021 miguu ilianza kumvimba, na akawa anapumzika mara mbili akipanda kutoka bondeni. Alikwenda kwenye zahanati. Aliyempokea aliangalia viganja vyake, akaona sugu na grisi kwenye kucha, akamwambia, "Mama, punguza kazi za kiume, utakuwa sawa." Hakumwekea kipimo kifuani. Alimpa vidonge vya maumivu. Alirudi mwezi uliofuata akapewa vidonge vilevile. Akarudi tena. Ndugu zangu, kama mwanaume angekwenda pale akasema ninashindwa kupumua, asingeambiwa apunguze uanaume. Ilipofika Septemba 2022, binti yake akamchukua kwa nguvu mpaka hospitali kuu, na huko daktari alisikiliza kifua kwa muda mfupi tu akaita wenzake. Mlango mmoja wa moyo ulikuwa haufungi sawasawa, tangu utotoni, kwa sababu ya homa ya koo ambayo haikutibiwa. Moyo ule ulikuwa umebeba mawe yote hayo ukiwa mbovu.

Alielezwa aliyotakiwa kuelezwa karibu miaka miwili kabla. Alisikiliza, akauliza, "Kwa hiyo ni valvu." Wakamwambia ndiyo, Mama, ni valvu. Akasema, "Valvu naijua. Mngeniambia mapema ningeikubali mapema." Aliwekwa kwenye foleni ya kufanyiwa upasuaji. Alipata nafuu, akadhoofika, akapata nafuu tena. Mwezi wa nane mwaka huu alimwelekeza binti yake kufunga beringi za magurudumu ya mbele, yeye akiwa amekaa kwenye kiti, mto mgongoni, akimfokea kwa upendo: "Grisi ijae! Usiipake kama mafuta ya uso!" Alifariki hospitalini alfajiri ya Jumanne, tarehe 7 Novemba 2023, akiwa na miaka arobaini na tisa, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake. Zamu yake ya upasuaji ilikuwa Januari.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini juzi Alhamisi, mwili ukiwa bado hospitalini, nilisikia sauti kule kwenye migomba. Nikatoka na fimbo yangu. Nikawakuta wanangu wawili na mtu mmoja mgeni, wanavuta futi kamba kutoka ukuta wa kwanza mpaka wa tatu.

Nikauliza, "Mnapima nini?"

Wa pili akasema, "Mama, hatupimi. Tunaangalia tu."

"Kwa futi kamba?"

Kitinda mimba akaingilia, kwa ile sauti yake ya ofisini. "Mama, hili ni shamba la familia. Kaka hayupo, na sasa shemeji hayupo. Binti ataolewa aende zake. Ni lazima mali ibaki kwenye ukoo."

"Ilipokuwa korongo mbona haikuwa mali ya ukoo?"

Yule mgeni akaanza kukunja futi kamba yake polepole, akiangalia njia ya kuteremkia. Kisha kitinda mimba huyo huyo, bila haya, akamwendea mjukuu wangu aliyekuwa anaosha vyombo vya wageni, akanyoosha mkono.

"Nipe ufunguo wa lori, nikuwekee. Msibani kuna wezi."

Mjukuu wangu akafuta mikono kwenye khanga. Akasema kwa adabu, maana mama yake alimlea, "Baba mdogo, ufunguo peke yake hauliwashi. Linawashwa na anayelijua." Akarudi kwenye vyombo vyake.

Jana Ijumaa tulikwenda kumchukua marehemu. Mvua ya usiku ilikuwa imeharibu sehemu ya chini kabisa ya barabara, ile iliyo mikononi mwa wahusika, na gari la hospitali likagoma pale daraja linapoanza. Dereva akasema hawezi kuendelea. Gari dogo la kitinda mimba likazama matopeni mpaka milangoni. Mjukuu wangu aliteremka na lori. Tukamhamishia mama yake kwenye bodi alilolijenga, chini ya turubai alilolishona, na binti yake akashika usukani. Mimi nilikaa mbele. Kwenye kioo cha pembeni niliwaona wanangu wawili, wamevaa suti, wamepanda nyuma, wameshikilia kamba kwa mikono miwili, wanapandishwa mteremko na lile lori la vyuma chakavu. Lilipanda mteremko wote bila kusimama. Mjukuu wangu hakulia hata mara moja mpaka alipovuta breki ya mkono hapa uani.

Asubuhi ya jana, kabla ya safari hiyo, nilikuwa nimepita kwa mwenyekiti wa kijiji pamoja na Mzee Grisi. Shamba hili lilikuwa la mume wangu na langu, na mimi bado sijafa, ingawa naona kuna watu jambo hilo linawachelewesha. Mbele ya mashahidi hao nimekata kauli, na sasa naisema mbele yenu wote ili asiwepo wa kusema hakusikia. Mteremko huu, kuanzia ukuta wa kwanza mpaka wa mwisho, na nyumba, na tangi, na lori la buluu, ni mali ya binti wa marehemu. Aolewe asiolewe. Azae asizae. Mwenye kutaka kupima aje apime mbele yangu, mchana, na aanze kwa kunionyesha jiwe moja tu alilolibeba.

Wanangu, mimi ndiye niliyewazaa. Sikuwalaani, na sitawalaani. Mtakula kwangu leo kama kawaida. Lakini mtakula mkijua ninachokijua.

Marehemu ameacha binti mmoja, fundi wa magari. Ameacha dada wawili na kaka mmoja, waliosafiri tangu juzi na ambao hawakuuliza mtu yeyote habari za mipaka. Ameacha mwalimu wake, Mzee Grisi. Ameacha mashemeji wawili, ambao nawataja kwa kuwa ni haki yake watajwe. Na ameniacha mimi.

Mimi sikumzaa. Nililetewa akiwa na miaka ishirini na miwili, na jina aliloniita siku ya kwanza ni Mama, hakuniita jingine mpaka mwisho. Leo vijana wenye nguvu watamshusha chini, na mimi mwenye miaka sabini na minne nitabaki nimesimama juu. Hii si haki. Sitasema ni mapenzi ya Mungu, kwa sababu Mungu nitamuuliza mwenyewe, na sasa si mbali. Kwako wewe, mwanangu, sina swali. Ulifanya kazi yako na ya wengine. Lala, upumzike.